Krediti 18 na zamu za wikiendi: kupanga mzigo wa masomo kabla ya chuo cha udaktari Marekani

Jumapili moja ya mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya kuanza mwaka wa kwanza wa chuo, mpwa wangu alikuja kwangu hapa Houston na ratiba yake ameichapa kwenye karatasi. Alinipa shikamoo, akaiweka juu ya meza ya jikoni pembeni ya chupa ya chai, akainyoosha kwa viganja kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja. Biolojia, kemia, kalkulasi, historia ya Marekani, saikolojia. Maabara mbili. Jumla, krediti 18; krediti ndiyo kipimo cha mzigo wa kozi huku, na 15 ndiyo kawaida ya muhula.

Mama yake, dada yangu mkubwa, alikuwa amesimama nyuma yake, uso umejaa fahari. "Mdogo wangu, umeona? Mwanao hataki mchezo. Anataka amalize kwa miaka mitatu na nusu, aingie udaktari."

Niliisoma ile karatasi mara mbili, nikamuuliza kijana, "Na kazini unaendelea?"

"Ndiyo, mjomba. Jumamosi na Jumapili, masaa manane kila siku, kule kwenye nyumba ya wazee."

Tulikaa pale mezani mpaka saa tano usiku. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu naona familia nyingi za kwetu zinaingia kwenye jambo hili na ramani ya nyumbani, na ramani ile haifanani na barabara za huku.

Nyumbani, udaktari unaanza siku unapoingia chuo. Kijana anamaliza kidato cha sita na kombi ya PCB (fizikia, kemia, biolojia), matokeo yanatoka, anaomba, na akipokelewa Muhimbili anaanza moja kwa moja shahada ya udaktari ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Kenya anatoka na matokeo ya KCSE, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinamchukua kwa miaka sita. Marekani mlango uko mbali zaidi. Kwanza unasoma shahada ya kwanza ya miaka minne, ya fani yoyote utakayo, ila ndani yake upitie masomo fulani ya sayansi. Ndipo unaomba chuo cha udaktari, nacho ni miaka minne mingine. Halafu ubingwa, miaka 3 hadi 7 kutegemea fani.

Utaratibu huu una historia yake. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1893, kilitaka kila anayeingia awe na shahada tayari, wakati vyuo vingi vya siku zile vilimpokea hata mtu aliyeishia sekondari. Mwaka 1910 Abraham Flexner akatoa ripoti yake iliyovianika vyuo dhaifu, vingi vikafungwa, na mtindo wa kusoma sayansi chuoni kabla ya udaktari ukawa ndio kanuni ya nchi.

Kwa hiyo ile miaka minne ya mwanzo si ya kusubiri, ndiyo mtihani wenyewe wa kuingia. Na hapa ndipo dada yangu alipokuwa amepotea, tena kwa sababu nzuri kabisa. Yeye alisoma PCB. Alikumbuka jinsi walivyobeba masomo mengi kwa pamoja, wakayumba muhula huu, wakapata sifuri kwenye mtihani wa majaribio, kisha miezi mitatu ya mwisho wakajifungia, wakakesha, wakatoka na alama za maana. Karibu kila kitu kilikuwa kinasubiri karatasi za mwisho. Huku hakuna karatasi ya mwisho ya kukuokoa. Kijaribio cha Ijumaa ya wiki ya tatu kinaingia kwenye alama ya kozi, alama ya kozi inaingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ambao mwisho wake ni 4.0, na GPA hiyo inakufuata mpaka mezani kwa kamati itakayosoma maombi yako miaka mitatu baadaye. Kule ungeweza kuyumba kisha ukasimama bila mtu kujua. Huku kila kuyumba kunaandikwa.

Alama haisahauliki

Maombi ya vyuo vingi vya shahada ya MD hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Vyuo vya umma vya Texas vina wa kwao, TMDSAS. Na vyuo vinavyotoa shahada ya DO, ambao nao ni madaktari kamili, hutumia AACOMAS. Unachotakiwa kufahamu ni kwamba mifumo hii haichukui GPA iliyoandikwa na chuo chako ikaishia hapo. Inadai hati ya matokeo kutoka kila chuo ulichowahi kusoma, hata kama ulichukua kozi moja tu wakati wa kiangazi, kisha inahesabu upya.

AMCAS inakutolea GPA ya jumla, na pia GPA ya peke yake ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Na zimepangwa mwaka kwa mwaka: mwaka wa kwanza safu yake, wa pili safu yake, wa tatu safu yake. Anayesoma anaona ulipopanda na ulipoteleza.

Nilimuuliza mpwa wangu, "Wewe GPA yako ya sayansi sasa hivi ni ngapi?" Akacheka, akasema hajaanza chuo. Nikamkumbusha zile kozi mbili za chuo cha jamii (community college) alizozisomea akiwa bado sekondari: Kiingereza na aljebra, krediti 6. Kwenye aljebra alipata B. Zile ni kozi za chuo, zina hati ya chuo, na AMCAS inazihesabu. Aljebra ni hisabati. Kwa hiyo kijana alikuwa tayari na GPA ya sayansi ya 3.0, kabla hajanunua hata koti la maabara. Kicheko kikakatika. Simlaumu, hakuna aliyemwambia, na wengi wa watoto wetu wanaosoma kozi hizi sekondari huambiwa tu kwamba ni za bure na zitawapunguzia safari. Ni kweli zinapunguza. Ila zinahesabiwa.

Sasa angalia jinsi ilivyo vigumu kuinua GPA iliyoanguka. Mwanafunzi akimaliza miaka miwili, krediti 60, akiwa na 3.2, kisha katika krediti 60 zilizobaki apate A kwenye kila kozi bila kukosa hata moja, atamaliza na 3.6. A tupu, miaka miwili mizima, na bado ni 3.6. Wastani wa wanaoanza vyuo vya MD miaka ya karibuni uko karibu na 3.8, na kwenye MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, karibu na 511 au 512 kati ya 528. Waombaji kwa mwaka ni zaidi ya 50,000, na wanaoingia ni kama 23,000. Wapo wanaoingia na chini ya hapo, mimi ni mmoja wao, lakini njia yao huwa ndefu.

Na kurudia kozi hakufuti. Hili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyelipia. Mwaka wangu wa pili nilichukua kemia ogania (organic chemistry), fizikia na biolojia ya seli kwa pamoja, na usiku nne kwa wiki nilikuwa nabeba boksi kwenye ghala. Nilijiona shujaa. Kemia ogania nilitoka na C+. Nikairudia mwaka uliofuata, nikapata A, nikafurahi kwamba jambo limekwisha. Chuo changu kweli kiliandika ile A na kuiondoa C+ kwenye hesabu yake. AMCAS ikazihesabu zote mbili: 2.3 na 4.0, wastani 3.15. Vyuo vya DO navyo zamani vilikuwa vinakubali alama mpya ifute ya zamani, lakini utaratibu huo uliondolewa mwaka 2017. Muhula ule mmoja ulinichelewesha miaka miwili.

Krediti ni saa

Watu hulinganisha krediti kama wanavyolinganisha magunia: wewe umebeba 15, mimi 18, mimi nina nguvu. Lakini krediti ni kipimo cha saa. Kanuni inayotumika ni kwamba kila krediti moja ni saa 1 darasani na saa 2 za kusoma mwenyewe, kila wiki, muhula mzima. Krediti 12 ndio mwanzo wa kuhesabika mwanafunzi wa muda wote. Shahada nyingi ni krediti 120, ukigawa kwa mihula minane unapata 15 kila muhula. Vyuo vinavyotumia mfumo wa robo mwaka vina hesabu yao, shahada huwa krediti 180, kwa hiyo usichanganye namba zako na za rafiki yako wa California bila kuuliza kwanza.

Tulichukua kalamu. Krediti 18 mara saa 3 ni saa 54 kwa wiki. Maabara inaandikwa krediti 1 lakini inakuweka chumbani saa tatu, na bado hujaandika ripoti. Kwa maabara mbili tukaongeza saa 5. Kazi ya wikiendi saa 16. Anaishi kwao na anasafiri kwenda chuo, dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano, tukaandika saa 8. Jumla 83. Wiki ina saa 168. Tukatoa usingizi wa saa 7 kila usiku, yaani 49. Zikabaki 36, kama saa tano kwa siku. Ndani ya hizo tano kuna kula, kuoga, kanisa, kumchukua mdogo wake shuleni, kumpeleka mama sokoni, na kujitolea hospitalini, kwa sababu kamati ya udaktari itauliza pia umekaa lini na wagonjwa.

"Zinatosha, mjomba," akasema.

Kwa karatasi zinatosha, na sikumbishia. Nilimwomba tu afungue silabasi zake, ambazo walimu wawili walikuwa wameshazituma, na atafute tarehe za mitihani ya kwanza. Kemia ilikuwa Jumatano ya wiki ya tano. Biolojia, Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Kalkulasi ilikuwa bado haijatangazwa, lakini mitihani ya kwanza huku huangukia wiki ya tano au ya sita karibu kila mahali. Wikiendi ya kabla ya hapo alikuwa kazini saa 16. Sasa kwenye wiki hiyo weka homa. Weka gari lililogoma kwenye barabara kuu. Weka simu ya saa nane za usiku kutoka nyumbani kwamba babu hayupo, na nyumba yote imejaa watu wa kuhani kwa siku nne. Mzigo unaotosha kwenye wiki nzuri tu haujatosha, maana muhula wa wiki 15 haupiti bila wiki mbaya mbili.

Kuna jambo washauri wa masomo hawaliulizi, kwa sababu fomu yao haina kisanduku chake. Wanakuuliza umebakiza kozi zipi. Hawakuulizi nani anapika kwenu, wala unatuma kiasi gani nyumbani kila mwezi. Mtoto wa daktari wa huku anayeishi bwenini, hafanyi kazi, na analipiwa mwalimu wa ziada, akibeba 17 anabeba kidogo kuliko mpwa wangu akibeba 13. Hati ya matokeo itaonyesha 17 na 13. Ndiyo maana ukijilinganisha na wenzako darasani unakosea hesabu tangu mwanzo. Na sehemu ya kazi kwenye maombi ipo: AMCAS inakupa nafasi ya kuandika shughuli zako hadi 15, na kazi ya kuosha wazee na kuwageuza kitandani, kwa saa 16 kila wiki, ni jambo la kuandika kwa ukubwa wake. Usiifiche kana kwamba ni aibu.

Kozi zinazokaa jirani

Baada ya saa, kinachoamua uzito ni nani kakaa jirani na nani. Krediti 16 zenye sayansi moja ni nyepesi kuliko 13 zenye sayansi tatu.

Kemia ogania ndiyo inayowaangusha wengi, na siyo kwa ugumu wa akili. Ni kozi ya mkono. Unachora elektroni zinakotoka na zinakokwenda, unakosea, unafuta, unachora tena, kila siku, kama anayejifunza kusuka. Ukiiacha siku nne vidole vinasahau. Kwa hiyo haipendi jirani anayekula muda kwa mikupuo. Fizikia inataka kukaa na swali moja saa nzima. Biolojia ya seli ina msamiati kama lugha mpya. Ukizipanga zote tatu kwenye muhula mmoja na maabara zake, una mchana tatu kwa wiki uliofungiwa chumbani na miwani ya plastiki, na jioni ndipo unaanza kusoma.

Ninavyoona mimi, sayansi mbili zenye maabara kwa muhula ndiyo kiasi cha kuanzia, na pembeni yake kozi zinazotumia sehemu nyingine ya akili: historia, saikolojia, uandishi. Saikolojia na sosholojia si za kujazia. Tangu mwaka 2015 zina sehemu yao nzima kwenye MCAT. Na siyo kila kozi inayoogopwa inatakiwa. Mpwa wangu aliweka kalkulasi muhula wa kwanza kwa sababu alisikia madaktari wanasoma kalkulasi. Vyuo vya udaktari vya Texas kwa kawaida vinataka somo la takwimu. Kalkulasi inatakiwa na shahada yake ya biolojia, sawa, lakini hakuna palipoandikwa kwamba iwe sasa.

Muhula wa kujiandaa na MCAT uhesabu kama muhula wenye kozi ya ziada. Ni mtihani wa saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko, na wanaoufundisha hutaja mara nyingi saa 300 za maandalizi. Ukizisambaza kwenye wiki 15 ni saa 20 kila wiki. Hiyo ni kazi ya pili. Anayebeba krediti 17 huku anajiandaa kwa MCAT ananunua matatizo mawili kwa wakati mmoja, maana MCAT nayo, ukiifanya vibaya, ile alama inaonekana hata ukirudia.

Sasa upande wa pili, ambao sitaki kuuficha. Kamati hazipendi pia kuona mtu amekaa krediti 12 kila muhula kwa miaka yote, sayansi moja moja, A zote. Chuo cha udaktari kinamwaga mambo kwa kasi ambayo shahada ya kwanza haina, na wanataka dalili kwamba utaimeza. Fomula ya GPA haijui mzigo: A ya muhula wa krediti 12 na A ya muhula wa 18 zina thamani ileile ya 4.0, hakuna nyongeza kwa jasho. Lakini binadamu anayesoma hati anaona kozi zimepangwa muhula kwa muhula. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuanza na 13 au 14, ujue mwili wako na chuo chako, kisha mwaka wa pili mwishoni au wa tatu uwe na muhula mmoja au miwili ya 16 au 17 yenye sayansi mbili nzito au tatu za ngazi ya juu, kazi ukiwa umeipunguza. Muhula mmoja wa namna hiyo wenye alama nzuri unajibu swali lao. Huhitaji minane.

Na kule kumaliza haraka? Hapa dada yangu ndipo aliponikazia macho, kwa sababu ada ni ada. Vyuo vingi vinatoza bei moja kuanzia krediti 12 hadi 18 au hapo karibu, na kwa mzazi anayehesabu dola inaonekana kozi ya sita ni ya bure. Lakini tazama kalenda. Maombi ya AMCAS hutumwa mwezi wa tano au wa sita, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo ya udaktari. Anayesoma miaka minne na kuunganisha moja kwa moja, kamati inaona mihula sita yake. Anayekimbilia kumaliza kwa miaka mitatu, inaona minne, na miwili ya mwanzo ndiyo ile ambayo kila mtu bado anatafuta njia ya kwenda maktaba. Anakimbia, na kwa kukimbia anapunguza ushahidi wake mwenyewe. Tena zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari siku hizi wamekaa angalau mwaka mmoja nje baada ya shahada. Ule mwaka unaookolewa kwa krediti 18, wengi wanaurudisha baadaye kwa kurekebisha kilichoharibika.

Kuacha kozi, na sheria zinazofungana

Watu husema, "Anza na 18, ikikushinda utadropu moja." Inawezekana, ila ujue mlango huo una bawaba ngapi.

Kwenye vyuo vya umma vya Texas, mpaka siku ya 12 ya masomo kwenye muhula wa kawaida, kozi uliyoiacha haionekani kwenye hati yako. Baada ya hapo ukiacha unaandikiwa W. W haiingii kwenye GPA, na W moja haijawahi kumfungia mtu mlango. Tano zinasimulia habari nyingine. Na sheria ya Texas inasema aliyeanza chuo cha umma kuanzia msimu wa vuli wa 2007 haruhusiwi kuacha kozi zaidi ya sita kwa namna hiyo katika shahada yake yote, isipokuwa kwa sababu kama ugonjwa mkubwa au msiba. Bado naipendelea W kuliko C+. Kama ningeiacha ile kemia ogania wiki ya tisa, hadithi yangu ingekuwa fupi zaidi.

Halafu ruzuku. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, inatolewa kamili ukiwa na krediti 12 au zaidi, ukishuka chini ya hapo inapungua kwa kadiri, mathalani krediti 9 ni asilimia 75. Na msaada wa serikali unataka umalize sehemu fulani ya krediti ulizojaribu, vyuo vingi hutumia asilimia 67. Kozi yenye W ni uliyojaribu na hukuimaliza. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuacha kozi, pita kwanza ofisi ya msaada wa fedha, umuulize mtu aliye hai.

Kwa aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi moja kwa moja na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, krediti 12 ni masharti ya viza. Ukishuka bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni umeharibu hadhi yako nchini, na katika hizo 12, kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Huyu namshauri ajiandikishe 14 au 15, ili akiacha moja abaki juu ya mstari. Ajue pia mapema kwamba vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu. Vichache vinavyowapokea huwataka mara nyingi waonyeshe fedha za miaka mingi kwa mkupuo. Ni bora kijana alisikie hili mwaka wa kwanza kuliko mwaka wa nne.

Saa nne usiku chai ilikuwa imeisha. Dada yangu alikuwa kimya kwa muda, akifuata namba kwa kidole. Kisha akauliza, "Na hizi sita za sekondari, hazimsaidii kitu?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya usiku ule. Zinamsaidia sana. 120 ukitoa 6 zinabaki 114, ukigawa kwa mihula minane ni 14 na robo. Alikuwa na nafasi yake tangu zamani, aliyoipata kwa kusoma Jumamosi akiwa sekondari, na alikuwa anakaribia kuitumia kununua haraka badala ya kununua pumzi.

Kijana akaikata kalkulasi kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "muhula wa pili". Zikabaki biolojia na maabara yake, kemia na maabara yake, saikolojia na historia: krediti 14. Tukahesabu tena. 42, na 5 za maabara, na 16 za kazi, na 8 za barabarani: 71. Zikabaki kama saa saba kwa siku badala ya tano. Dada akasema, bila kuombwa na mtu, kwamba mdogo wa kijana atapandishwa basi la shule, na wiki ya tano kijana aombe ruhusa ya Jumapili kazini, pengo la hela atalijazia yeye.

Kabla hawajaondoka tulifungua kalenda ya chuo kwenye simu, tukahesabu siku za masomo kwa vidole, tukiruka sikukuu ya wafanyakazi ya huku, ya mwezi wa tisa. Siku ya 12 ikaangukia Jumatano. Aliandika ile tarehe kwenye karatasi ya ratiba, juu kabisa, akaizungushia duara, na chini yake akaandika maswali mawili atakayojijibu jioni ya siku hiyo: nimelala saa ngapi wiki hizi mbili, na je, kijaribio cha kwanza cha kemia ningeweza kumfundisha mtu mwingine.